Kati ya malaika na malaya

Mwenye kuandika hapa ni mwalimu wa zamani, mutoto wa Kikula, mwenye alicheza na kucheka sawa wengine. Siandiki sawa mutu mwenye mikono safi. Nasema hivi tangu mwanzo, ili musiseme kama mwalimu amekuja tena kutuhubiria.

Ilikuwa ndoa, hapa hapa ku Kikula. Bukari ilitosha, kuku walitosha, pombe haikupunguka. Orkestra ilipiga vizuri. Karibu saa ine ya usiku mwimbaji akaacha nyimbo za bibi-arusi, akaingia mu ile yenye vijana wanapenda, yenye kiitikio kinarudilia neno moja tu: malaya. Wimbo ulisema juu ya mwanamuke mwenye bwana yake alikufa, na mwenye kisha kilio akajenga nyumba. Mwimbaji akazunguka na mikro kati ya meza, ananyoosha kidole kwa mama moja, kwa mama mwingine, watu wanacheka, watu wanamutupia franka. Kidole kikafika kwa mama yangu mudogo.

Mama mudogo ni mujane. Bwana yake alikuwa mufanyakazi wa mine, alikufa na kumuachia watoto sita. Nyumba yake ya vyumba vitatu aliijenga na bunga ya mahindi na salaula: Kasumbalesa kwenda, Kasumbalesa kurudi, juu ya kamyo, mu mvua na mu vumbi. Usiku ule alisimama, akafunga kitenge chake vizuri, akainua kiti chenye alikuwa anakalia, akakiweka ku kichwa, akatoka nacho. Kiti kilikuwa chake. Tulikuwa tumekopa kwake viti kumi na viwili juu ya ndoa ile.

Mimi nilikuwa mu kiwanja, ninacheza. Nilimuona akipita. Sikuacha kucheza mpaka wimbo ukaisha.

Kesho yake nilienda kumuomba musamaha. Hakunilaumu. Aliniuliza tu: "Mwalimu, wewe ulisoma. Ile neno, munaitoaka wapi?"

Sikukuwa na jibu. Kurasa hizi ni jibu langu, na limechelewa.

Nilipoanza kuuliza watu, wazee kwa vijana, walinipa maneno matatu ya kutetea wimbo ule. La kwanza: ni desturi yetu, wahenga pia waliimba matusi. La pili: ni neno tu, neno halivunji mufupa. La tatu: wanawake wenyewe wanaucheza, tena kupita wanaume. Nitajibu moja moja.

Tuanze na desturi, juu ndiyo kazi ya kitabu hiki. Ni kweli, na ninakubali mbele ya wote: nyimbo zetu za zamani zilikuwa na matusi. Mutu mwenye aliona kuzaliwa kwa mapasa kwa Waluba ao kwa Wabemba anajua. Siku ile watu wanaimba maneno yenye siku ingine hauwezi kuyasema mbele ya mukwe wako. Viungo vya mwili vinatajwa kwa majina yao. Lakini muangalie sheria ya muchezo ule. Tusi linaenda pande mbili: baba ya mapasa anatukanwa, mama ya mapasa anatukanwa, wanaume wanaimba, wanawake wanawajibu, na mara nyingi ni wanawake ndio wanashinda. Tusi lina siku yake. Siku ikiisha, kinywa kinafungwa. Na tusi lina kazi yake, ni kushangilia uzazi. Hakuna mutu anarudi nyumbani na aibu.

Mu kisungu ya Wabemba ni vilevile. Nyimbo za kufundisha musichana zinasema mambo ya kitanda waziwazi, lakini ni wanawake wanawaimbia wanawake, na mulango umefungwa. Mu utani, mutani wako anaweza kukutukana hata ku kilio ya baba yako, na wewe una haki ya kumurudishia siku ya kilio yake. Kwa Waluba, mu kasala mutu anaitwa kwa majina na sifa za wazee wake, na anasimama amenyooka juu amesikia ametoka wapi. Tena kwa Waluba wa zamani, mulopwe akikufa, roho yake ilikuja kukaa ndani ya mwanamuke, aliitwa Mwadi, na watu walimupa heshima ya mufalme. Wenye wanasema kama wahenga walimuweka mwanamuke chini ya mukeka wasome kwanza habari ya Mwadi.

Sasa mulinganishe. Ku ndoa ile, nani alimupa mama mudogo mikro ili ajibu? Nani alimutukana mwanaume moja hata mara moja? Tusi lilikuwa na siku gani, na lilishangilia nini? Lilienda upande moja, lilimukuta mutu amekaa kimya na sahani yake, na lilimufukuza. Wahenga hawakuita kitu cha namna ile wimbo. Waliita kesi, na kesi ya namna ile ililipwa kwa kuku ao mbuzi.

Basi, kama haikutoka kwa wahenga, ilitoka wapi? Neno lenyewe ni la zamani mu Kiswahili, sikatai. Lakini kazi yenye linafanya kwetu, kumupiga mwanamuke mwenye amesimama bila bwana, ile kazi ilipangwa mu biro. Tena ilipangwa karibu sana na hapa.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa 1906. Mu miaka ya kwanza ilitafuta wanaume tu, kwa mikataba mifupi. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 iligeuza mupango: ilitaka mufanyakazi akae mu kambi na muke na watoto, ili asirudi kwao, na ili watoto wakuwe wafanyakazi wa kesho. Muke akapata nyumba, akapata posho. Lakini alivipata kwa kupitia bwana yake. Bwana akikufa ao akimufukuza, posho inakatika na mulango wa kambi unafungwa. Mwanamuke bila bwana hakukuwa na pa kulala Shituru wala Panda. Alienda wapi? Alishuka mu cité. Alikuja huku kwetu Kikula.

Mwaka wa 1931 Wabelgiji waliweka sheria ya miji yenye waliita "centre extra-coutumier", maana yake muji wa watu weusi wenye wako inje ya desturi. Jina lenyewe linasema. Mu miji ile serikali ilikuta mwanamuke mwenye haikujua kumuandika. Hakukuwa muke wa kambi, hakukuwa binti wa kijiji. Alipika pombe, aliuzisha mihogo, alipangisha chumba. Wakamutafutia jina: "femme libre", mwanamuke huru. Mu karatasi za kodi waliandika maneno marefu zaidi: mwanamuke mwenyeji, mukubwa, muzima wa mwili, mwenye "kinazaria" anaishi peke yake. Na wakamulipisha. Mwanaume alilipa kodi juu ni mwanaume. Muke wa ndoa hakulipa. Mwanamuke bila bwana alilipa juu hana bwana. Mujane aliingia mu hesabu ile, mwenye kuachwa aliingia. Kisha dekreti ya 1950 juu ya ndoa ya wake wengi ilipokuja, muke wa pili mu miji hakutambuliwa tena, na yeye pia akaangukia mu kitunga kile kile.

Wasomaji wapenzi, mutazame vile kitu kinageuka. Uhuru, neno lenye mu 1960 tulililia mu barabara, kwa mwanamuke lilikuwa tayari ni tusi lenye linalipiwa kodi.

Wanawake walisikia maana yake vizuri, na kuna wenye walisimama. Usumbura, yenye leo ni Bujumbura na yenye wakati ule ilitawaliwa na Wabelgiji sawa sisi, wanawake Waislamu wa kartier ya Buyenzi, wasemaji wa Kiswahili, walipigana na kodi ile mu miaka ya 1950. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika habari yao mu 1991. Hawakulilia feza peke yake. Waliona kama kodi inawaita malaya wote pamoja, mujane na mama wa heshima, mbele ya watoto wao. Walijua kama karatasi ya serikali inaweza kuwa tusi lenye kupigwa muhuri.

Wala haikuwa kwa Wabelgiji peke yao. Nairobi, chini ya Waingereza, Luise White alifuata maisha ya wanawake wenye waliitwa malaya mu kartier za Pangani na Pumwani, na akatoa kitabu mu 1990. Alikuta wanawake wenye waliuzisha usiku, ndiyo, lakini waliuzisha pia chakula cha moto, maji ya kuoga, na kitanda safi kwa wanaume wenye hawakukuwa na nyumba. Na wengine walijenga nyumba kwa jina lao wenyewe. Sisemi maisha yale yalikuwa matamu. Nasema: muone neno lilishika wapi. Lilishika kwa mwanamuke mwenye nyumba yake haina jina la mwanaume ku mulango.

Na ku ndoa ya Kikula, wimbo ulimuuliza mama mudogo nini? Ulimuuliza nyumba yake aliijenga na nini. Ni swali la mukusanya kodi, miaka makumi saba kisha, na gitare nyuma yake. Kijana mwenye kuliimba anafikiri anafuata mababu. Anafuata kalani wa Babeleji.

Sasa tuje ku muziki wenyewe, juu bila muziki neno lingebaki mu karatasi na kuliwa na muchwa. Likasi ni muji wa gitare. Jean-Bosco Mwenda, mutoto wa Bunkeya, alipigwa mu sahani na Hugh Tracey hapa Jadotville mu 1952, na "Masanga" yake ikazunguka dunia. Tunaringa naye, na tuna haki. Pamoja naye tunataja Édouard Masengo, tunataja Losta Abelo. Lakini munitajie mwanamuke moja wa gitare wa miaka ile. Munaona? Wanawake walikuwa ndani ya nyimbo, hawakukuwa mbele ya mikro. Walikuwa habari, si wasemaji.

Ku Léopoldville, yenye leo ni Kinshasa, "femmes libres" walifanya vikundi vyao vya kusaidiana na vya urembo. Waliingia mu bar wamevaa nguo za namna moja, na orkestra zilitafuta urafiki wao, juu kwenye walienda ndiko watu walijaa. Rumba yenye UNESCO iliandika mu urizi wa dunia mu Desemba 2021 ilipanda ku migongo yao pia. Na malipo yao yalikuwa nini? Neno "ndumba". Sasa musikie: kwa Kikongo, ndumba ni musichana, mwanamuke kijana, si zaidi. Mu Lingala ya muji neno lile likageuka kuwa malaya. Binti hakufanya kitu. Alihamia mu muji tu, na jina lake likaoza.

Luambo Makiadi Franco alikuwa fundi mukubwa, sitapunguza heshima yake. Lakini musikilize na masikio ya leo. Mu 1984 alitoa "Mamou": wanawake wawili wanavuana nguo kwa maneno, moja bwana yake iko Ulaya, lakini wenye kuimba maneno yao ni wanaume. Mwaka wenye kufuata alitoa "Mario", juu ya kijana mwenye diploma anakula feza ya mama mwenye umri. Kijana yule alipewa jina la mutu, Mario, na watu wanamucheka kwa upole mpaka leo. Mwanamuke akikula feza ya mwanaume hapewi jina la mutu. Anaingizwa mu kundi.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna hata kisingizio cha luga. Kifaransa kina masculin na féminin. Kiswahili hakina. "Malaya" ni neno sawa "mugonjwa" na "mugeni": halina sketi wala suruali. Mwanaume mwenye kununua usiku, luga ingekubali kumuita kwa neno lile lile. Je, anaitwa nani? Anaitwa jogoo. Anaitwa mwanaume kabisa. Luga ni safi. Ni kinywa chetu kimechagua.

Mutaniambia: lakini kuna nyimbo zenye zinamusifu mwanamuke. Ndiyo. Kila mutu huku anajua "Malaika", wimbo wa kutoka Kenya, wenye Miriam Makeba aliuzungusha dunia nzima. Ni wimbo muzuri, na mimi niliuimbia bibi yangu. Lakini muhesabu: mu nyimbo zetu mwanamuke amejengewa vyumba viwili tu, cha malaika na cha malaya. Malaika hana mwili, hali bukari, halipi minervali. Malaya ana mwili tu. Mama mudogo, mwenye anauzisha bunga, anakopesha viti na kusomesha watoto sita, hana chumba mu nyumba ile. Wengi wa mama zetu wanalala inje yake.

Tena wako wengi kupita zamani. Mu miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mu Septemba 1990 mine ya Kamoto ikaanguka. Mu 1994 shaba haikufika hata tani 50,000. Mu 2003 na 2004 wafanyakazi 10,655 walitoka kwa ile yenye iliitwa "départ volontaire". Nani alilisha Kikula mu miaka ile? Muulize mutu yeyote mwenye alisoma wakati ule: minervali ilitoka mu kitambaa cha mama, chenye alifunga ku kiuno. Mama aliuzisha makala, aliuzisha bunga, alipika munkoyo, alilala juu ya mizigo ku Kasumbalesa. Na aliporudi, kuko watu walisema: mwanamuke mwenye analala ku barabara, sisi tunamujua. Neno la kambi lilimufuata mpaka siku yenye kambi yenyewe haikukuwa tena na posho ya kugawa.

Nakuja ku neno la pili: "ni neno tu".

Ndugu zangu, watu wa muji mwingine wanaweza kusema vile. Watu wa Likasi, hapana. Mu 1992 na 1993 tulisikia neno moja likiimbwa na kurudiliwa: bilulu. Wadudu. Waliitwa vile watu wenye asili ya Kasai, wenye wengi wao walizaliwa hapa, walisoma na sisi, waliolewa na sisi. Walisema ni siasa tu, ni neno tu. Kisha tukaona maelfu ya jamaa wanalala ku gare ya Likasi, wanangojea treni, na watoto wanazikwa pale pale. Sitaki kufungua kidonda. Nataka tukumbuke kile tulichojifunza kwa bei kubwa: mutu hafukuzwi siku moja. Kwanza anapewa jina lenye linamutoa mu hesabu ya watu. Siku yenye anafukuzwa, tayari watu wamezoea.

Mwanamuke mwenye anaitwa malaya mu wimbo, siku anapigwa mu kartier, majirani watauliza kwanza: alifanya nini? Akinyanganywa nyumba na ndugu za marehemu, watasema: nyumba yenyewe ilijengwa na nini? Wimbo umekwisha kujibu mbele ya muamuzi kukaa. Hii ndiyo kazi ya neno. Halivunji mufupa, linamupa ruhusa mwenye fimbo.

Neno la tatu: "wanawake wenyewe wanaucheza". Ni kweli, wanaucheza. Mu muziki ile, mwenye kubaki amekaa amejitaja. Mwanamuke anasimama na kucheza ili kidole kipite kwake na kiende kwa mwingine. Kucheza kwake si kukubali, ni kujificha.

Kwa ndugu zetu weusi wa Marekani jambo hili lina historia ndefu na ya uchungu. Wakati wa utumwa mwanamuke mweusi aliuzishwa, bwana wake alimulazimisha usiku, na muchana bwana yule yule alisema: hawa wanawake ndivyo walivyo, hawana haya. Uongo ule ulisafisha zambi ile. Miaka mingi kisha, watoto wa watumwa wale wakapata mikro, na wengine wao wakaimba juu ya dada zao neno lile lile la bwana. Hakukosekana mwanamuke wa kujibu: mu 1993 Queen Latifah alitoa "U.N.I.T.Y." akauliza waziwazi kwa nini anaitwa vile, na wimbo ule ukamupa Grammy mu 1995. Lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka mu nyumba. Mu Aprili 2007 mutangazaji muzungu, Don Imus, alilitupa mu radio juu ya wasichana wa basketi wa chuo kikuu cha Rutgers, wengi wao weusi. Alifukuzwa kazi. Na mu kujitetea alisema nini? Kama weusi wenyewe wanaitana vile. Tusidanganyike: neno lenye unamuimbia dada yako, mugeni atalichukua na kukuletea risiti.

Lakini jibu liko, na liko ndani ya urizi wetu wa Kiswahili. Zanzibar, Siti binti Saad, mutoto wa jamaa ya utumwa, alipoingia muji na kuanza kuimba, watu walimutungia wimbo wa kumucheka juu ya asili yake. Yeye hakukimbia. Alijibu kwa wimbo. Mu 1928 alienda Bombay kupigwa mu sahani, na sauti yake ikauzwa pwani nzima. Shaaban Robert mwenyewe aliandika maisha yake. Wenye walimucheka, leo nani anawajua? Na hapa Katanga, Tshala Muana alizaliwa Élisabethville mu 1958. Walisema mutuashi yake ni aibu, kiuno chake ni aibu. Aliendelea kucheza mbele ya dunia mpaka ile aibu ikageuka urizi, na alipokufa mu Desemba 2022 wenye walimusema vibaya walimulilia sawa wengine. Wanawake hawa walifanya kile desturi yetu ilijua tangu zamani: tusi lazima likutane na jibu.

Basi tufanye nini? Kuko wenye watasema: Leta ikataze. Mimi ninasema hapana. Tumeona sansure ya Leta. Mu 1978 Franco alifungwa juu ya "Hélène" na "Jackie", nyimbo chafu; uchafu uliaziibiwa, lakini neno "ndumba" liliendelea ku radio bila mashaka. Mu Novemba 2020 mwenye alikamatwa ku Kinshasa alikuwa Tshala Muana mwenyewe, juu ya wimbo "Ingratitude", wenye wakubwa waliuona kama siasa. Mwaka wenye kufuata, sansure ilikataza "Nini tosali te" ya kikundi MPR, kisha ikairudisha. Leta inasikia haraka wakati wakubwa wanaguswa. Mujane wa Kikula hana mutu wa kumusikilizia mu tume.

Lakini mujane ana sisi, na sisi tuna kitu kimoja: feza. Muziki wetu wa leo unakula mabanga. Mwimbaji anataja jina la mwenye kumulipa, na anaacha lenye halimulipi. Mwenye kulipa ndiye anachagua. Basi mimi ninaomba mambo matatu madogo, yenye hayahitaji sheria.

Moja: jamaa yenye inalipa orkestra juu ya ndoa ao kilio iseme na mwimbaji mbele, wazi, sawa vile wanasema juu ya saa na bei: neno lile hapa, hapana. Akiliimba, nusu ya feza inabaki.

Mbili: mwanaume wa kwanza mwenye anasikia neno lile mu kiwanja aache kucheza. Ni yeye, si mama mwenye kunyooshewa kidole. Mama akisimama anajitaja. Mwanaume akisimama anakataa. Ningefanya hivi usiku ule, wimbo ungekufa mu ubeti wa pili.

Tatu: sisi wenye tunaandika mu vitabu kama hiki, tuache kukusanya nyimbo za wanaume peke yao na kuziita "urizi wa Katanga". Mama zetu wa kisungu, wa mapasa, wa karindula ya matanga, wangali wanakumbuka majibu. Waende vijana na kalamu, mbele wale mama hawajaondoka na majibu yao.

Nilimusomea mama mudogo kurasa hizi mbele ya kuzileta hapa. Alisikiliza mpaka mwisho, anachagua mahindi yake. Kisha akasema: "Sawa, mwalimu. Sasa nimejua kwenye inatoka. Na siku ile, wewe ulikuwa wapi?"

Alijua vizuri kwenye nilikuwa.

Viti kumi na viwili bado viko mu nyumba yake, vimepangwa ku ukuta. Tangu ndoa ile hajakopesha mutu hata kimoja. Mwezi wenye kuja tuna ndoa ingine ku kartier. Ni mimi wamenituma niende kumuomba.